Mlo wa Mji: Kwa Nini Naipigia Kura Chipsi Mayai

Mhadhara wa wazi uliotolewa Dar es Salaam mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa jiji

  Walionialika wameipanga shughuli hii jioni, saa ambayo tumbo la kila mtu humu ndani limeshaanza kuuliza habari za usiku. Hadhira iliyoshiba haibishani vizuri juu ya chakula.

Nimepewa kazi moja: kusema ni mlo gani unaostahili kuitwa mlo wa Dar es Salaam. Sikuombwa kutaja mlo mtamu kuliko yote, wala wa kale kuliko yote, wala ule tunaompakulia mgeni tukitaka kumpa heshima. Nautafuta mlo ambao mtu akielewa vitu vyake vinatoka wapi, nani anaupika, nani anaula na anaula saa ngapi, basi atakuwa ameuelewa mji wenyewe. Nitazipa hoja zangu namba ili anayetaka kunipinga ajue pa kupiga. Na jibu langu silifichi mpaka mwisho: ni chipsi mayai. Nasikia makofi kule nyuma waliko wanafunzi, na huku mbele naona watu wazima wanatazamana. Tuvumiliane.

Hoja ya kwanza: tukubaliane kwanza tunapima nini

Ubishi wa chakula hauishi vijiweni kwa sababu kila mbishi ana mizani yake mfukoni. Huyu anapima utamu, yule umri, mwingine anapima heshima. Mwenye utamu anasema pweza, mwenye umri anasema wali wa nazi, mwenye heshima anasema pilau, na wote watatu wana haki kwa kipimo chao. Wanaongea mambo matatu tofauti kwa sauti moja kubwa.

Tuangalie miji ambayo ubishi huu umekwisha, au karibu. Napoli, kule Italia, hakuna anayebisha kwamba mlo wao ni pitsa. Kwa muda mrefu pitsa ilikuwa chakula cha makabwela wa mji ule; ikiuzwa barabarani, ikikunjwa na kuliwa mtu akiwa amesimama, na waungwana wakiitazama kwa jicho la pembeni. Leo ufundi wa waokaji wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, tangu mwaka 2017. Njoo Durban, Afrika Kusini. Mlo wao wanauita bunny chow: nusu ya mkate wa boflo iliyochimbwa ndani ikajazwa mchuzi mzito, kazi ya watu wenye asili ya India waliokuwa wakilisha wafanyakazi wa mji. Kisha njoo hapa jirani, Kampala. Pale Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kijana anakaanga mayai yenye nyanya na kitunguu, anayaviringisha ndani ya chapati, na mji mzima unaiita rolex bila kutabasamu.

Milo hii mitatu haina ukoo mmoja, lakini tabia zake ni zile zile. Vifaa vyake vinatoka mbali na vinakutana mjini. Mpishi hamjui mlaji, na mlaji hamdai mpishi undugu. Mtu anaweza kula peke yake bila kuonekana mpweke. Na bei yake inalingana na pesa anayobaki nayo mtu mwisho wa siku ya kazi. Hicho ndicho kipimo changu: mlo wa mji ni ule uliozaliwa na shida za mji huo na nafasi zake, kiasi kwamba ukiuondoa mji, mlo unakosa sababu ya kuwepo.

Hoja ya pili: pilau tuiachie shughuli

Pilau ina mashabiki wengi humu, nami ni mmoja wao. Harusi bila pilau tunaihesabu kikao. Idd ni pilau, Maulidi ni pilau, na siku hizi Krismasi ya Mbezi kwa Msuguri nayo ni pilau. Bizari nzima ikishapigwa na moto, mtaa wa tatu wanajua.

Lakini ni ya nani? Ukisimama ukadai pilau ni ya Dar es Salaam, mtu wa Lamu atacheka, wa Mombasa atakasirika, na wa Unguja atakuomba radhi kwa niaba yako. Mji wetu ni mtoto mdogo katika pwani hii. Kilwa ilikuwa na misikiti ya mawe na sarafu yake yenyewe karne nyingi kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaamua, katika miaka ya 1860, kujenga mahali hapa palipokuwa kijiji cha wavuvi kikiitwa Mzizima. Kwa mizani ya umri tutashindwa kila shindano la pwani, na haitupunguzii kitu.

Kuna sababu kubwa kuliko umri. Pilau inapikwa na watu wanaojuana kwa ajili ya watu wanaojuana. Sufuria inaazimwa kwa jirani, kina mama wanakaa kwenye mikeka kuchambua mchele usiku kucha, na anayekula halipi. Hata yule asiyealikwa anayevizia mnuso anajua lazima atafute jina la bwana harusi kabla hajaingia. Pilau inamhitaji shangazi, mjomba na jirani. Inatuonyesha ukoo ulivyo, na ukoo upo Mkuranga na Bagamoyo kama ulivyo Magomeni.

Hoja ya tatu: ubwabwa, ugali na sahani ya mama ntilie

Hapa nitakaa kidogo, maana wapinzani wangu wa kweli wako hapa.

Wali wa nazi ndio chakula cha wenyeji wa eneo hili. Mpunga wa Rufiji, nazi za mwambao na za Mafia, samaki wa soko la Feri: changu mtu akiwa na pesa, vibua akiwa hana. Kama mji huu ungebaki wa wenyeji wake peke yao, mhadhara huu ungekwisha sasa hivi tukaenda kula. Lakini mji uliletewa watu, na watu wakaletewa unga. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni iligawa chakula mjini kwa mgao, na mgao ulifuata rangi ya mtu. Mwafrika akahesabiwa kuwa mla mahindi hata kama kwao Pwani amekua kwa ubwabwa. Sahani ikageuka cheti cha kabila. Watu walilalamika, na malalamiko yale ni sehemu ya siasa za mji huu ambazo vitabu vyetu vya shule havizifundishi sana.

Baada ya uhuru ugali ukashika nchi. Wazee mnakumbuka unga wa Shirika la Usagishaji la Taifa, na mnakumbuka zaidi ukame wa 1973 na 1974, nchi ilipoagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Mahindi ya njano ya Marekani yalipoingia, watu wa Dar wakayabatiza Yanga kwa rangi ya jezi, na wana Simba wakala hivyo hivyo. (Naona kuna anayetaka kusimama. Kaa, ndugu yangu, hili si swali la mpira.) Ugali ni chakula cha taifa, na hapo ndipo ninapouaga katika mashindano haya. Anayekula ugali na dagaa Manzese anakula kile kile anachokula kaka yake Sengerema.

Anabaki mama ntilie. Huyu namvulia kofia. Miaka ya themanini, mshahara ulipokuwa haumfikishi mtu hata katikati ya mwezi, wanawake wa mji huu waliweka masufuria kando ya viwanda, bandari na maeneo ya ujenzi, wakalisha wafanyakazi ambao nchi ilikuwa imeshindwa kuwalisha. Walifanya hivyo huku wakifukuzwa. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na aliyekuwa hana kitambulisho cha kazi inayotambulika aliweza kusombwa mjini na kurudishwa kijijini. Mama aliyekuwa akipika wali na maharage pembeni ya geti la kiwanda hakuhesabiwa kuwa na kazi; aliyekula kwake ndiye aliyehesabiwa. Msomi Aili Mari Tripp, aliyeandika kitabu kizima juu ya uchumi wa namna hii hapa Dar, anaonyesha jinsi watu wadogo walivyovunja kanuni kidogo kidogo mpaka serikali ikabadili kanuni zenyewe. Rais Mwinyi alipoanza kusema ruksa, masufuria yalikuwa yameshachemka zamani.

Kwa nini basi sahani yake isichukue taji? Nimesumbuka sana na swali hili, na jibu nililolipata ni hili. Mama ntilie anafanya kazi ya nyumbani. Anakukalisha kwenye benchi, anakuletea maji ya kunawa, anakupakulia wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki, anakuuliza kama umeshiba. Jina lake lenyewe ni sauti ya mtoto anayeomba kwa mama yake. Saa sita mchana, kwa dakika ishirini, anakusahaulisha kwamba uko mjini. Kazi hiyo ni kubwa, nami nawaombea mama hawa kila la heri. Ila mlo ninaoutafuta jioni hii ni ule unaokukumbusha ulipo.

Hoja ya nne: wale wa pembeni

Nitapita haraka. Mihogo ya Coco Beach na chachandu yake ni mitamu, tena ni ya Dar kweli, lakini ni chakula cha matembezi. Watu wanaila Jumapili wakitazama bahari, na Jumatatu wanaisahau. Supu ya pweza inauzwa na vijana wenye sufuria na vijiti, na wateja wake wanaume wanaamini mambo ambayo mbele ya watoto siyasemi. Urojo ni wa Unguja. Tukiuchukua tutaanzisha kero mpya ya Muungano, na zilizopo zinatutosha.

Hoja ya tano: chipsi mayai, kwa urefu wake

Nianze na jiko, maana wengi wanaodharau mlo huu hawajawahi kusimama wakautazama.

Kibanda chenyewe ni meza, kabati la kioo na jiko moja au mawili ya mkaa. Ndani ya kioo kuna kilima cha chipsi zilizokaangwa nusu, juu yake mapaja ya kuku, na taa inayomulika ili mwenye njaa aone kutoka kituoni. Chini ya meza kuna ndoo ya viazi vilivyomenywa, vimelowekwa majini visibadilike rangi. Ukiagiza, kijana anarudisha chipsi kwenye karai, mafuta yanapiga kelele, anazichota, anazichuja. Kisha anachukua kikaango kidogo chenye mpini uliofungwa kitambaa, anatia mafuta kidogo, anatandaza chipsi. Mayai mawili anayapasua kwenye kikombe kwa mkono mmoja, chumvi, anakoroga kwa kijiko mara chache tu, anamimina akianzia pembeni kuja katikati. Anagandamiza. Hapo ndipo fundi na mwanafunzi wanapoachana. Mwanafunzi ana haraka, anageuza yai likiwa bado la maji na chipsi zinamwagika. Fundi anatikisa kikaango, anasikiliza, na duara lote likiteleza kwa pamoja anafunika na sahani, anapindua, anarudisha upande wa pili. Unaletewa kitu cha mviringo, kizito, kimeshikana, ndiyo maana vijana wanakiita zege. Wengine wanasema kiepe yai. Kachumbari pembeni, tomato ya chupa iliyotobolewa kifuniko, pilipili kwa mbali, na vijiti vya meno badala ya uma. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, anayeondoka nayo anafungiwa kwenye karatasi au chombo cha foili.

Sasa tuulize vitu hivi vimetoka wapi. Kiazi hakioti Dar es Salaam; joto letu hakiliwezi. Kinatoka nyanda za juu, Njombe, Makete na milima ya Mbeya, kwenye baridi, kinashuka kwa lori barabara kuu ya Zambia, zaidi ya kilomita 800 kwa kile cha Mbeya, kinapita Kitonga, Mikumi, Morogoro, kinafika sokoni usiku kikiwa kwenye gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, dhuluma ambayo mkulima ameilalamikia miaka mingi na bado ipo. Yai ni la hapa hapa pembezoni. Linatoka kwenye mabanda ya Chanika, Kibaha na Kigamboni, mara nyingi nyuma ya nyumba ya mtumishi wa umma anayeongezea mshahara kwa kufuga kuku wa mayai. Mafuta, kama si ya alizeti ya Singida na Dodoma, yameshuka bandarini. Mkaa umechomwa kwenye misitu ya Pwani na Morogoro. Mpishi mwenyewe, ukimuuliza kwao ni wapi, hatasema Dar. Kikaango kile kidogo kinakusanya nyanda za juu, mikoa ya kati, msitu, bandari na kijana aliyehama. Nionyesheni sahani nyingine mjini humu inayoweza kuchorewa ramani ya namna hiyo.

Halafu tuulize nani anakula, na kwa nini saa ile. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja katika miaka kumi. Wengi wanaingia kwenye chumba kimoja cha kupanga, katika nyumba zetu za Uswahilini zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake au na kijana wake. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kijana anatoka kazini Posta au Kariakoo jioni, anagombania daladala, anakaa kwenye foleni, anafika Mbagala au Gongo la Mboto usiku. Awashe jiko? Mkaa wa kopo, mafuta, kitunguu, nyanya, unga, mboga, na saa nzima ya kusubiri, kwa ajili ya mdomo mmoja. Kupika kwa mtu mmoja ni ghali. Ukoo wote wa vyakula vyetu umejengwa kwa kuchukulia kwamba kuna watu wengi wanaosubiri sufuria moja. Chipsi mayai ndiyo mlo wetu wa kwanza mkubwa uliokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja: kikaango kimoja, tumbo moja, bei moja. Wasomi wa miji wanaandika mengi juu ya kuhama na makazi. Muuza chipsi aliyajua hayo kabla yao, akanunua kikaango cha saizi inayofaa.

Lipo jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa, nami nalipa uzito. Yai halichinjwi. Mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje nyama ya kuuza ulimwaga damu. Nchi ya dini nyingi inaweza kugombana juu ya kisu. Mbele ya kibanda cha chipsi mwenye kanzu na mwenye rozari wanasimama foleni moja, na hakuna anayeuliza. Mishikaki na kuku wana maswali yao, na wapo wanaoyauliza kwa sauti ndogo, zege halina. Sidhani kuna mtu aliyeketi akabuni mlo usio na ugomvi. Mji uliupata wenyewe, kwa kuwa muuzaji wa mjini hawezi kumpoteza nusu ya wateja wake.

Na zege linaliwa kila mahali. Wakoloni waligawa mji huu kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mipaka ile bado ina kivuli chake kwenye bei za viwanja. Lakini Masaki nje ya baa, Upanga chini ya maghorofa, Tandale uchochoroni, kikaango ni kile kile. Tofauti ni kiti.

Hoja ya sita: majibu kwa wapinzani

Wa kwanza anasema: chipsi si chakula cha asili. Kweli, kiazi kina asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Lakini mhindi nao ulitoka Amerika, na muhogo, na nyanya, na pilipili. Wali na nazi vilitujia kutoka Asia. Tukifukuza kila kilichovuka bahari, tutabaki na mtama, uwele na heshima zetu. Neno asili likiwekwa mezani kwa nia ya kweli, nusu ya waliolileta watalala njaa.

Wa pili ni daktari, naye simbishii. Mafuta yanayorudiwa mpaka yakawa meusi ni hatari, chumvi ni nyingi, na mtu anayekula zege kila usiku wa maisha yake anajikusanyia shinikizo la damu. Mimi sitoi ushauri wa lishe. Nimesema mlo huu unaueleza mji, na mji wenyewe mnajua hauna afya nzuri sana. Pitsa ya Napoli nayo haikuingia UNESCO kwa cheti cha daktari.

Wa tatu ana lawama ya maadili: chipsi imeharibu vijana, wasichana wanadanganywa kwa chipsi kuku. Lawama hii ni ya kivivu. Mwanamume mzima akimdanganya mtoto wa shule, kosa ni la mwanamume. Kiazi hakina jinai.

Wa nne ndiye mkali. Anasema: umeinyima pilau taji kwa kuwa iko pwani nzima, mbona chipsi mayai iko Mwanza, Arusha, Dodoma, hata Tunduma? Swali zuri. Angalieni lakini inakwenda wapi na inakataa kwenda wapi. Pilau ipo mjini na ipo kijijini kabisa, palipo na harusi. Chipsi mayai haiendi kijijini kwa wakulima, hata kule Makete kiazi kinakolimwa, mkulima anakichemsha. Inakwenda pale ambapo pameanza kuwa mji. Senta ikipata stendi, umeme, gesti na wapangaji, wiki hiyo hiyo kabati la kioo linatokea. Kwa hiyo kuenea kwake kunanisaidia: kila ilipofika imekwenda na tabia za mjini, na mji mkubwa kuliko yote nchini, ulioikomaza, ni huu.

Wa tano anauliza kwa nini tuchague mlo mmoja hata kidogo. Anataja Singapore, ambayo mwaka 2020 ilipoingiza chakula chake UNESCO haikutaja mlo. Ilitaja utamaduni wa wauzaji wenyewe, mabanda yao na watu wa makabila yote wanaokaa meza moja. Hapa nakubali nusu. Singapore walikuwa na busara kuona kwamba urithi ni mtu na mahali pake. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu mlo mmoja ukichimbwa vizuri unafika mbali kuliko orodha ya milo thelathini, na nadhani mmeshaona tulikofikishwa na kikaango kimoja.

Yaliyo mbele

Nimalize na mambo ambayo yatatukuta, tupende tusipende.

Mwaka 2018 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba Dar es Salaam itavuka watu milioni 10 kufikia 2030. Sensa ya 2022 inaonyesha tunakwenda taratibu kuliko hapo, lakini tunakwenda. Watu hao watakula nini usiku, na nani atawapikia? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu wengi zimeshapewa amri ya kuacha kuni na mkaa. Kibanda cha chipsi hakimo katika amri hizo, lakini jiko lake linawaka jioni nzima, na mtungi wa gesi unamgharimu mwenye kibanda pesa nyingi kwa mara moja, ilhali mkaa anaununua kwa kopo. Anayepanga mkakati huu akitaka kujua kama utafika mtaani, aanze na mtu huyu: amtafutie namna ya kulipia gesi kidogo kidogo, ampe kipimo cha kujua mafuta ya kukaangia yamechoka, na amfundishe kwa lugha ya kazi yake.

Suala la mahali nalo halijakwisha. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Sipingi barabara kupitika. Lakini muuza chipsi anaishi kwa kituo cha daladala kama mvuvi anavyoishi kwa maji. Ukimpeleka mita 500 ndani, umemfunga. Vituo vinavyojengwa sasa vya mabasi ya mwendokasi vina nafasi ya tiketi na ya mlinzi. Ramani za vile vinavyofuata ziwekewe nafasi ya jiko, yenye maji, shimo la taka na kodi inayoeleweka.

Wanafunzi, kazi inayobaki ni yenu. Watu walioanzisha biashara hii mitaani wapo, wengine bado wanamenya viazi. Hawajaandikwa popote. Kabla ya mwaka ujao wa masomo kila mmoja wenu achague kibanda kimoja, aombe ruhusa, asimame saa za kazi, aandike: nani alimfundisha, kiazi anakinunua kwa nani, mafuta anabadilisha lini, alishawahi kubomolewa mara ngapi, wateja wake wa kwanza jioni ni akina nani na wa mwisho usiku ni akina nani. Msilipe kwa picha, nunueni. Makaratasi hayo yakikusanywa yawekwe maktaba, karibu na ripoti za sensa, ili atakayekuja kuutetea ubwabwa au mihogo ya Coco mwaka kesho apate kitu cha kubishana nacho.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wenye maswali waanze, na wa pilau watangulie.